Pipa la Akiba

Pistoni ya nne ipo dirishani, inakandamiza risiti
zisipeperushwe na feni.
Ina tundu kichwani; kidole gumba kinapita.

Nizar alipoileta Cresta yake, imevutwa kwa kamba
kutoka Upanga hadi hapa Gerezani,
alisema, "Tabo ndiyo imeua injini, dada Tunu."
Kila fundi aliyeishika kabla yangu alisema tabo.
Tabo haina mdomo wa kujitetea.

Mimi nikauliza: ililishwa?

Nozeli sita nikazipanga mezani,
chini ya kila moja chupa ya maji iliyokatwa shingo,
nikaziamrisha ziteme kwa nusu dakika.
Tano zikalingana kama mashahidi waliofundishwa.
Ya nne ikaja chini, pungufu vidole viwili.
Haikuwa imekufa. Ilikuwa bahili tu,
na hewa ilipomiminwa kwa kishindo, mafuta yakija kwa kijiko,
moto ulikosa cha kula ukala chuma.

Basi tumeanza upya, kutoka tangini.
Pampu kubwa. Bomba lililosukwa kwa waya,
maana ule mpira wa zamani ukiukunja
unapasuka kama kisigino cha kiangazi.
Waya mnene wa umeme, na rilei yake, na fyuzi yake,
kwa sababu pampu yenye njaa
itawanyima chakula na wengine.
Regileta nimeiunganisha na pumzi ya injini:
tabo ikipandisha sauti, nayo ipandishe.

Lakini kuna kona.
Gari likikata kona kwa nguvu, mafuta hukimbilia ubavu mmoja
kama chai kwenye kisahani,
na pampu, mdomo wazi, humeza upepo.
Hilo sikulipata VETA.
Nililijua Mabibo, nina miaka tisa,
siku za mgao: bomba la uani likikohoa,
likitema hewa, likitema kutu, ndipo maji yaje;
na mama, ambaye hakuwahi kuliamini bomba lile,
alikuwa na pipa la bluu nyuma ya mlango wa jiko.
Majirani waligombana na bomba.
Sisi tulioga.

Kwa hiyo nilimwendea Pazi mchomeleaji:
nitengenezee pipa. La alumini, lita mbili,
matundu manne: la kuingilia, la kutokea,
la kurudishia, na moja juu kabisa
upepo upate njia ya kuondoka.
Akacheka mpaka akavua miwani.
"Pipa, ndani ya gari la mbio?"
Ndiyo, Pazi. Na uchome taratibu.

Saa mbili usiku. Ndoo ya mchanga ipo mguuni.
Nizar nimemwambia sigara yake akaivutie Msimbazi,
amerudi ananukia moshi na haraka.
Kesho anataka Kigamboni, barabara ndefu, wenzake wanamsubiri.
Nawasha swichi, siwashi injini.
Pampu inavuma sekunde tatu.
Sindano ya geji inapanda, inafika tatu, inatulia,
na Nizar anapiga makofi peke yake.

Nachana karatasi ya chooni,
napitisha kila ungio, chini, pembeni, nyuma
ambako jicho halifiki.
Kavu.
Kavu.
Kavu.
Kwenye bomba la kurudishia, karatasi inapata doa
dogo kuliko punje ya mtama.

Nizar anasogeza tochi, anakunja uso.
"Hilo tu?"

Natazama dirishani, zilipo risiti.
"Hilo tu," namjibu,
na kunyoosha mkono nipewe spana ya kumi na saba.